Chupa ya Kilomita ya Thelathini

Usiku wa jana niliota nina hasira, na hasira yenyewe nilikuwa nimelala nayo. Sikuipata ndotoni.

Ngoja niseme ilikotoka. Kaka yangu Amnaay ni bingwa wa marathoni. Mwezi wa nne alishinda mbio kubwa huko Ulaya, na hapa Mbulu hata watoto wa chekechea wanajua muda aliokimbia. Jana jioni jirani yetu mmoja kaja nyumbani, kamkuta kaka amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, akamuuliza, "Bingwa, raha ikoje?"

Kaka akasema, "Ipo."

Jirani akanigeukia mimi. "Na wewe Boay, kidato cha nne umemaliza, miguu unayo, unangoja nini? Hutaki raha kama ya kakako?"

Nikaenda kulala bila kula.

Kwa sababu mimi ndiye niliyepokea simu. Baba alifariki Alhamisi, mbio zilikuwa Jumapili. Baba mdogo Nada akakusanya watu sebuleni, akasema hakuna kumwambia Amnaay mpaka amalize. Akasema ndivyo familia za wanariadha wote zinavyofanya, msiba unaweza kungoja lakini mbio hazingoji. Watu wakaitikia, hata mama aliitikia. Ijumaa asubuhi kaka akapiga simu, na baba mdogo akaniwekea simu sikioni kwa mkono wake mwenyewe. Kaka akauliza, "Baba yuko wapi, mbona simu yake haipokelewi?" Nikasema, "Yuko shambani." Akasema sawa, akakata. Jumamosi tukazika. Jumapili akashinda.

Tangu arudi hatujaliongelea. Mimi sijasema samahani, yeye hajanitukana. Na leo asubuhi gari la kambi lilikuwa linakuja kumchukua tena, miezi mitano hayupo.

Basi, ndoto sasa.

Nipo kwenye meza ya maji, kilomita ya thelathini, katikati ya mji nisioujua. Una madaraja mengi na wazungu wanapiga kengele za ng'ombe. Nimevaa suruali yangu ya shule. Juu ya meza kuna chupa moja tu, imefungwa kipande cha kanga ya mama ili kaka aitambue akiwa mbioni.

Chupa inasema, "Yuko shambani."

"Nyamaza," naiambia.

"Yuko shambani." Sauti ni yangu mimi, mpaka kile kikohozi kidogo mwanzoni.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Umenijaza mwenyewe," inasema chupa. "Mimi ni chupa. Sina maoni."

Najaribu kuimwaga. Meza inanipiga goti. "Usimwage," inasema meza. "Sheria ya kumi na moja. Kilichojazwa kinanywewa."

"Na sheria ya kumi inasemaje?"

"Sheria ya kumi inasema usiulize sheria nyingine."

Kengele zinazidi. Wanakuja. Wa kwanza kutokea ni Baba. Amevaa koti lake jeusi, fimbo mkononi, namba kifuani. Nyuma yake, hatua mbili tu, Amnaay. Hili nalijua, kaka alishanieleza: kwenye mbio kubwa wanamlipa mtu atangulie mbele aweke mwendo, na akifika kilomita fulani anatoka pembeni. Hamalizi. Hata kama ana nguvu, hamalizi.

"Baba, endelea," nasema.

"Haiwezekani, mwanangu. Mimi naishia thelathini."

"Zimebaki kumi na mbili tu."

"Naona. Kibao kimeandikwa." Hata hahemi. Anavuka kamba, anakuta kiti cha plastiki kimeshaandaliwa, anakaa kama mtu aliyefika kwa kinyozi. Kiti kinaondoka naye. Taratibu tu, bila kelele.

Naangalia Amnaay kama ameona. Hajaona. Kocha wake amemmiminia saruji shingoni, kwa sababu mkimbiaji haangalii nyuma, wala haangalii pembeni. Bado mbichi ilipo karibu na masikio. Ananyoosha mkono, anachukua chupa, anakunywa. Naisikia inavyoshuka kooni mwake. Yuko shambani, yuko shambani, yuko shambani.

Anajipangusa mdomo. "Asante, dogo."

Hiyo asante ndiyo imenitia wazimu. Naruka meza, namkimbilia. Nakimbia na suruali ya shule na simfikii, natukana na simfikii. Nakata kona moja tu, mji umeisha.

Tupo sebuleni kwetu.

Utepe wa mwisho wa mbio umefungwa kutoka kabatini mpaka kwenye bawaba ya mlango. Watu wa msiba wamekaa chini, wana sahani mapajani, na Amnaay anapita katikati yao kwa kasi ileile bila kumkanyaga mtu. Utepe unakatika. Baba mdogo Nada amesimama juu ya stuli, anaongoza.

"Makofi," anasema. Wote wanapiga makofi.

"Haya, kilio." Wote wanalia.

"Makofi."

"Baba mdogo, chagua kimoja," namwambia.

"Vyote viko kwenye ratiba," anasema. "Kilio."

Mlango wa jikoni unafunguka na kaka anaitwa aende kupimwa. Bingwa lazima akojoe kwenye kikopo, hiyo ipo hata kwenye mbio za kweli. Tunaingia wote watatu, baba mdogo na stuli yake. Mpimaji amekaa kwenye kigoda, amevaa glavu. Ni yule fahali mweusi tuliyemchinja siku ya mazishi.

"Shikamoo," namwambia, kwa sababu sijui nimwambie nini.

"Marahaba. Ulikula kipande gani?"

"Ubavu."

"Nilidhani." Anaandika. Halafu anamgeukia kaka. "Mwaka huu hatupimi dawa. Tunapima raha. Watu wamesimama barabarani tangu alfajiri, wanataka kujua kama bingwa ana raha. Kama hana, ushindi unafutwa. Jaza kikopo."

"Siwezi ukiwa unaniangalia," anasema Amnaay.

"Sheria ni kuangalia. Mbona mimi mliniangalia?"

Kaka anajaza. Fahali anainua kikopo dirishani, anakigeuza, anakinusa. Anachukua muda. Jikoni kunanuka pilau ya msiba.

"Raha, hamna," anasema.

"Angalia vizuri," anasema baba mdogo.

"Tumbo langu lina vyumba vinne. Nimeangalia kwa vyote vinne."

"Muulize medali basi. Medali ni yake, anaivaa."

Medali iko shingoni mwa kaka, juu ya saruji. Inakohoa. "Mimi msiniingize," inasema. "Kazi yangu nilifanya. Nilivalishwa, nikashuka kifuani, nikakuta pameshakaliwa."

"Na nini?" anauliza fahali.

"Sikuuliza. Mimi ni mgeni pale."

Fahali anaandika hilo pia. Halafu anaweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza ananiangalia mimi tu. "Kuna kitu kingine humu. Kilichokatazwa. Uongo, kiwango cha juu. Umeingia kwa kinywa, kilomita ya thelathini. Nani alimpa chupa?"

Kaka amesimama wima, macho mbele, hata kope hazichezi.

Baba mdogo ananishika bega. Anaongea taratibu, kama siku ile. "Boay, mwanangu. Ukisema, wanachukua ushindi. Wakichukua ushindi, bati lililonunuliwa kwa zawadi linaondoka juu ya nyumba ya mama yako. Fikiria kwanza."

Juu yetu bati moja linajing'oa misumari, linapaa kidogo, linasubiri.

Nafikiria. Kweli nafikiria. Nafikiria mkono wake ulivyokuwa unanuka mafuta ya taa wakati ananishikia simu. Nafikiria mama alivyoitikia. Nafikiria jirani na raha yake.

"Mimi," nasema. "Mimi nilimpa."

Bati linaondoka.

"Baba alikuwa amefariki usiku uliotangulia. Alikuwa chumba cha pili, amefunikwa shuka la bluu. Kaka kapiga simu, kauliza yuko wapi, nikasema yuko shambani. Hakuna aliyenifunga mdomo. Simu nilishikiwa, lakini maneno yalikuwa yangu."

Bati la pili, la tatu. Mwanga unaingia jikoni. Baba mdogo anayakimbilia mabati na stuli yake, anayaita kwa majina kama kuku.

Ingeishia hapo ningekuwa nimetua mzigo. Lakini hasira haikuisha, ikageuka. Namkuta kaka mbele yangu na saruji yake na medali yake, na ninampigia kelele bingwa wa watu.

"Na wewe. Wewe unajiona umeonewa peke yako. Miezi yote hii unakaa kwenye ngazi umenuna, mtu akikuuliza unasema ipo, ipo, kitu gani ipo? Mimi nilikuwa kidato cha nne. Wewe ni mtu mzima, umezunguka dunia. Umeuliza swali moja tu, umejibiwa na mtoto, ukasema sawa. Uliniaminije kirahisi hivyo? Kwa nini hukuuliza mara ya pili?"

Saruji inapasuka. Inaanza nyuma ya sikio, inashuka kama ufa wa ukuta wa udongo. Kaka anageuza shingo. Inachukua muda mrefu na inatoa mlio. Ananitazama uso kwa uso, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, anafungua mdomo ajibu.

Nikaamka.

Kumeshakucha. Mama anafagia uani. Juu mabati yote yapo, nimeyahesabu yaliyo juu ya kitanda changu. Nikavaa, nikatoka, kichwa kizito. Sikuwa nimeongea na mtu yeyote. Sikuwa hata nimepiga mswaki.

Amnaay alikuwa kwenye ngazi, begi pembeni, anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

"Sikukuamini," akasema.

Nikasimama pale pale, mkono bado uko kwenye kitasa.

"Ijumaa ni mnada wa ng'ombe, Boay. Baba alikuwa haendi shambani siku ya mnada. Hata malaria haikuwahi kumzuia kwenda mnadani. Uliposema yuko shambani, nilijua."

Mama akaacha kufagia.

"Ulijua," nikasema. "Ukakimbia."

"Nilijua pia kwamba nikikuuliza mara ya pili utasema. Ungesema, ningerudi." Akavuta kamba ya kiatu cha kulia, akaikaza mpaka vidole vikawa vyeupe. "Nilitaka zile mbio. Kwa hiyo sikuuliza."

Nilitaka kumpiga. Sina maneno mengine ya kuweka hapa. Miezi yote ile mimi nilikuwa nabeba, na yeye anabeba, kila mtu na kona yake ya nyumba, na watu wanakuja kuuliza raha ikoje.

Gari la kambi likapiga honi barabarani.

Nikakaa kwenye ngazi, karibu yake, mabega yanagusana. Hakusimama.

Likapiga tena.