Ndege wa Boksi la Sabuni

Jina la Mistari alipewa na wenzake wa kazini, na hawakumwonea. Akikuta tangazo ukutani, hasomi linatangaza nini. Husogea karibu, huinamisha kichwa upande, akapitisha kidole hewani kufuata mikunjo ya herufi, hata wapita njia wakadhani anazungumza na ukuta. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mchora nembo, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la washona mapazia. Kazi zake zilikuwa kwenye milango ya zahanati, kwenye mifuko ya unga, na kwenye fulana za timu mbili za mpira ambazo hazikuwahi kupatana kwa lolote isipokuwa kwa mchoraji.

Siku moja akaitwa na kiwanda cha sabuni. Tena si kiwanda hivi hivi, ni kile ambacho sabuni yake ya kufulia ndiyo iliyotakatisha sare zake za shule: Sabuni ya Ndege. Wenyewe walikuwa ndugu wawili waliorithi kwa baba yao. Dada ndiye aliyekuwa mkurugenzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na neno lisilorudi nyuma. Mdogo wake wa kiume alikuwa mkuu wa mauzo. Waliketi naye mezani, na kabla chai haijapoa Mistari akajua kwamba ameingia katikati ya fahali wawili.

Mkurugenzi alitaka ndege mpya. Alisema huyu wa sasa amechakaa, na wanawe wenyewe wakitumwa sabuni wanaificha ndani ya mfuko mweusi. Mkuu wa mauzo hakutaka ndege aguswe hata ukucha.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema, akakunja mikono.

Dada yake akamjibu kwamba mbachao wenyewe umetoboka, waswalio juu yake wanaumia magoti.

Mistari akauliza swali ambalo mchora nembo yeyote angeuliza kwanza: huyu ni ndege gani? Mkurugenzi akasema njiwa, bila kufikiri. Mdogo wake akasema kanga, na kwamba marehemu baba alimwambia kwa kinywa chake. Mlinzi wa getini, aliyekuwa ameingia kurudisha funguo, akaomba radhi, akasema kwa heshima zote yeye miaka yote aliona kuku, kwani mayai si yale pale chini? Wakageuka wote watatu kutazama boksi la sabuni lililokuwa mezani. Kweli chini ya ndege palikuwa na viduara vitatu. Wakabishana mpaka chai ikapoa kabisa, na Mistari akaondoka na mfuko uliojaa maboksi na karatasi za zamani, zote walizoweza kuzipata stoo.

Ofisini alizipanga mezani kwa umri wa kila moja, na ilikuwa kama kutazama picha za mtu tangu utotoni. Ya kwanza ilikuwa karatasi nyembamba ya rangi moja, buluu iliyofifia, na ndege wake alikuwa na shingo fupi, jicho moja kubwa na mkia wa manyoya matano. Ya pili, mdomo ulirefuka. Ya tatu alipata kishungi chekundu. Ya nne alifungiwa ndani ya duara, kwa kuwa enzi zile kila kitu kilifungiwa ndani ya duara. Ya tano ilifika pamoja na kompyuta, na hapo ndege akapakwa kivuli, mng'aro na nyota, akawa kama bibi harusi aliyerembwa na mashangazi sita kwa pamoja. Ya sita, hiyo ya sasa, ilimvua yote ikamwacha bapa kama chapati.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Unyoya wa mwisho wa mkia, ule mfupi kuliko yote, ulikuwa umepinda kwa ndani. Wachoraji sita, huenda hawakujuana, wote waliunakili vile vile. Mistari aliupenda unyoya ule tangu alipouona. Akaikuza ile karatasi ya kwanza, akaichapa kubwa kama gazeti, akaibandika ukutani, akaanza kazi.

Wiki tatu alichora. Mkurugenzi alipoletewa michoro alifurahi, kisha akasema ndege ni mzuri lakini anaonekana kama anauza tiketi za ndege. Mistari hakukasirika. Aliichukua michoro ile akaenda nayo sokoni, kwenye meza ya mama mmoja muuza sabuni, akamwomba wateja waitazame. Bibi mmoja aliishika, akaigeuza, akairudisha kwa adabu kabisa.

"Huyu msafi, mwanangu," alisema. "Ila simjui."

Mistari alirudi ofisini ameshika tama. Ndipo mkuu wa mauzo alipompigia simu. Alikuwa amekumbuka jambo. Mchoro wa kwanza haukuchorwa na mtu wa kiwanda cha uchapaji, ulichorwa na shangazi yao, dada wa marehemu, na shangazi yu hai, anakaribia miaka themanini, anakaa mtaa wa nyuma ya shule. Mistari akauliza kwa nini hawakumwuliza yeye tangu mwanzo ni ndege gani. Mkuu wa mauzo akakiri kwamba katika familia yao shangazi haulizwi kuhusu sabuni. Ukimwuliza anabadilisha mazungumzo.

Asubuhi yake Mistari akabisha hodi, na ile karatasi kubwa kwapani, imekunjwa kama mkeka. Shangazi alikuwa mwembamba, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Mistari akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa mezani. Alieleza kazi yake, akatandaza karatasi, akasema kwamba amekuja kuuliza swali moja tu.

"Huyu ni ndege gani, shangazi?"

Shangazi alimtazama ndege kwa muda mrefu. Midomo ikaanza kumcheza.

"Arobaini na saba," alisema. "Miaka arobaini na saba, na wewe ndiye wa kwanza kuja na swali hilo mpaka mlangoni."

Akaivuta karatasi karibu. Aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya karatasi, vidole vimetanuka. Dole gumba likalala juu ya kichwa cha ndege, na ukucha wake ukakaa palepale penye jicho. Kidole cha shahada, cha kati, cha pete, kila kimoja kikaangukia juu ya unyoya wake. Kidole cha mwisho, ambacho kilivunjika alipokuwa msichana na kikaunga vibaya, kilikuwa kimepinda kwa ndani.

Vidole vinne na unyoya mmoja wa ziada, ambao shangazi alieleza baadaye kuwa ni tone la maji tu. Mistari aliinamia karatasi. Akanong'ona kwamba si ndege.

"Ni mkono," alisema shangazi. "Mkono unaofua. Na hayo si mayai, ni mapovu."

Mengine aliyasimulia akicheka, akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kaka yake alipoanza kupika sabuni uani alimwomba amchoree kitu cha kuweka kwenye karatasi. Yeye akaweka mkono mezani, akauzungushia penseli, akachora ukucha, akachora mapovu. Kisha akasafiri kwenda kusomea ualimu. Mchapaji alipoletewa mchoro aliona ndege ambaye hakumaliziwa, na kwa wema wa moyo wake akamwongezea mdomo. Shangazi aliporudi baada ya miezi minane, mji mzima ulikuwa unaagiza sabuni ya ndege. Kaka akamwangukia: tafadhali, dada, usiseme, maji yakimwagika hayazoleki. Hakusema. Miaka ya kwanza alinuna. Baadaye alisahau kununa, lakini na wakati wa kusema ulikuwa umeshapita.

Mistari akamwomba ruhusa ya kuwaambia wale ndugu wawili. Shangazi akasema ruhusa anaipata kwa sharti moja: na yeye awepo, aone sura zao.

Sura zao zilistahili safari. Mkuu wa mauzo, aliyeapa kanga, aliutazama mkono wa shangazi yake juu ya karatasi, akautazama mkono wake mwenyewe, akaketi. Mkurugenzi alianza kucheka polepole, puani, kisha kicheko kikamshinda, akainamia meza. Mlinzi alipoitwa kuelezwa kwamba mayai ni mapovu aliomba muda wa kufikiri.

Walipotulia, mkurugenzi akasema basi kosa lirekebishwe, mkono urudi kwenye boksi. Ajabu, aliyepinga hakuwa mdogo wake. Alikuwa shangazi.

"Nani ataujua?" aliuliza. "Watu wamemlea ndege huyu kuliko mimi nilivyoulea mkono. Mwacheni."

Hapo ndipo Mistari alipopata alichokuwa akikitafuta wiki zote zile. Akamgeukia, akamwambia kwamba wachoraji sita wamemchora ndege huyu kwa kunakili, kila mmoja akimwiga aliyemtangulia, na wa kwanza aliiga kitu ambacho hakikuwa ndege. Yeye wa saba alikuwa akielekea huko huko. Hakuna aliyewahi kukaa chini akamchora ndege wa sabuni kwa kukusudia.

"Tuchoree wewe, shangazi. Safari hii ndege."

Shangazi akakataa. Mkono unatetemeka, alisema, na hajashika penseli tangu alipostaafu kufundisha. Mistari hakumsukuma. Alimwachia daftari na penseli tano, akaenda zake.

Siku ya tisa shangazi akatuma ujumbe wa maneno mawili: Njoo uone. Daftari lilikuwa limejaa. Kurasa za mwanzo ndege walikuwa wakakamavu kama wanafunzi wanaopigwa picha. Katikati walianza kulegea. Katika ukurasa wa mwisho alikuwepo mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja mbele, kifua nje, kama mtu aliyevaa nguo iliyonyooshwa sasa hivi na anajua. Mstari wake ulitetemeka kidogo, na mtetemo ule ndio uliomfanya apumue. Mkia ulikuwa na manyoya manne. Unyoya wa mwisho ulipinda.

"Huo usiunyooshe," alisema shangazi. "Huo ni wangu."

Mistari hakunyoosha kitu. Alisafisha kingo, akachagua buluu ya ile karatasi ya kwanza lakini yenye nguvu zaidi, akapanga herufi za jina zisimsonge ndege. Akarudi sokoni kwa yule mama muuza sabuni. Wateja walilishika boksi, wakalitia kapuni, wakaendelea kuuliza habari za nyanya. Kwa mchora nembo hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ni mmoja tu aliyesimama, akasema ndege wao leo ameamka vizuri.

Siku maboksi mapya yalipotoka kiwandani, shangazi aliletewa kiti karibu na mashine. Ndugu wawili walisimama nyuma yake, kila mmoja akisema kwamba wazo la kumwita lilikuwa lake. Akapewa boksi la kwanza, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, akabadilisha miwani.

"Ndege gani sasa?" akauliza mkuu wa mauzo, kwa unyenyekevu ambao dada yake hakuwahi kuuona.

Shangazi akamjibu kwamba hajui, na kwamba wasithubutu kumwamulia.

Siku hizi kila Jumanne shangazi hupanda ngazi za ofisi iliyo juu ya duka la mapazia, akishika ukuta, akilaani ngazi. Mistari humwekea kiti dirishani na michoro ya wiki. Shangazi huipitia taratibu, na asiyoipenda huilaza kifudifudi bila maelezo. Juzi aliilaza minne, akaubakiza mmoja wa kiwanda cha maziwa, akausogeza mwangani.

"Huyu ng'ombe," alisema, "nani kamwambia acheke?"

Mistari akavuta kiti chake karibu, wakaanza kazi.