Njia Inayoishia Ofisini

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kijia cha kushukia shuleni kilikuwa utelezi mtupu. Emérence alivua kandambili akazishika mkononi, akawa anashuka huku vidole vya miguu vikichimba udongo. Mgongoni alikuwa na Bintu, binti yake wa miaka tisa, amefungwa kwa vitenge viwili kwa sababu kimoja hakikumtosha tena. Miguu ya Bintu haikupata kutembea tangu azaliwe. Ilining'inia huku na huku kwenye kiuno cha mama yake, ndani ya soksi nyeupe mpya.

"Maman, usichafule masoksi yangu."

"Sichafule. Nyamaza, nisianguke."

Shingoni Emérence alikuwa amevaa kamba yake ya kazi. Yeye ni mbeba mizigo. Gunia la mtu linakaa mgongoni, kamba inazunguka gunia na kupita kwenye kipaji cha uso, na kwa kipaji hicho amelisha nyumba yake tangu mumewe alipokwenda kuchimba dhahabu Shabunda asirudi. Alipanga asubuhi hiyo ampeleke Bintu darasani, kisha apande barabarani kutafuta mzigo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kupanga hivyo, na alikuwa na furaha.

Shule yenyewe iko hapo tu. Ukisimama mlangoni kwa Emérence, juu huko Cimpunda, Bukavu, mabati yake unayaona chini yako. Kengele yake ndiyo saa ya nyumba nzima. Kila siku Bintu hukaa kizingitini, na watoto wa chini wakiimba hesabu, naye huitikia kwa sauti mpaka majirani wanacheka. Hesabu ya mbili anaijua, ya tatu anaijua. Hajawahi kukaa kwenye dawati.

Walikuwa wamemkataa kabla, na sababu ilikuwa ngazi. Kama kila kitu Cimpunda, shule imechongwa kwenye mlima, darasa juu ya darasa. "Tutafanya aje na ngazi, maman?" Directeur Gracien, mkuu wa shule, alikuwa akimuuliza, kana kwamba Emérence ndiye aliyezijenga. Kisha likaja shirika na pesa za kujenga rampe, njia ya saruji isiyo na ngazi, ya kupitisha watoto wasiotembea. Lori la mchanga halikuweza kushuka mlimani. Directeur akaita wazazi kwenye salongo, kazi ya wote isiyo na malipo. Wazazi wengi walibeba kidogo, wakakumbuka shughuli zao. Emérence aliacha wateja wake akabeba mpaka rundo la barabarani likaisha. Mchanga waliumwaga getini, mafundi ndio waliojua unakokwenda. Directeur alisimama pembeni na mwavuli, akimtia moyo. "Beba, Maman Bintu! Hii barabara iko ya mutoto wako!" Naye akabeba.

Ijumaa rampe ilizinduliwa. Shule iliagiza Bintu aletwe. Wakamvika shati jeupe na sketi ya bluu, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu kilichokuja na gari la wageni wa shirika, mgeni mmoja akamsukuma, Bintu akakata utepe, watu wakapiga makofi na picha. Kiti kilirudi garini. Sare ilibaki mwilini mwa Bintu. Bukavu nzima mtoto aliyevaa bluu na nyeupe ni mwanafunzi, hakuna anayemuuliza kitu. Emérence naye hakuuliza. Jumamosi aliifua, Jumapili akaipiga pasi ya makaa, Jumatatu ndiyo hii.

Getini, Willy mlinzi alimtazama Bintu, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Uende ku bureau kwanza, Maman Bintu."

Akapanda rampe. Saruji ilikuwa nzuri, haikuteleza, na alijivunia mchanga wake. Rampe ikapanda, ikakata kona, ikaishia mbele ya mlango wa Directeur. Pikipiki ya Directeur ilikuwa imeegeshwa hapo, kavu, chini ya mabati. Emérence alitafuta rampe inakoendelea. Haikuendelea. Ijumaa watu walikuwa wengi mno, hakuona. Darasa la kwanza lilikuwa kule nyuma, chini, na ngazi zake zilezile za zamani.

Directeur Gracien alikuwa anakunywa chai.

"Bonjour, Maman Bintu. Kuna nini?"

"Nimemuleta, Directeur."

"Umemuleta wapi?"

"Ku masomo."

Kiti cha wageni kilikuwa wazi. Hakumwambia akae. Emérence alibaki amesimama na mtoto mgongoni.

"Maman, vendredi ilikuwa visite. Tulimuita Bintu juu ya visite."

"Mulimupa uniforme."

"Uniforme iko ya projet."

"Na rampe?"

"Rampe si iko? Si umepita juu yake?"

"Inafika paka hapa kwako, basi."

"Wageni banafikaka wapi? Ku bureau." Directeur alisema hivyo bila haya yoyote, kama mtu anayeeleza jua linatokea wapi. "Plan ilitoka kwa shirika. Si mimi nilichora. Première iko kule chini, na ngazi."

"Nitamushusha mwenyewe. Asubui namushusha, saa sita nakuya kumupandisha. Ngazi bitakuwa byangu."

"Na toilette?"

"Atajizuia. Anajua kujizuia."

Bintu alitikisa kichwa nyuma ya shingo ya mama yake, kuthibitisha kwamba anajua.

"Na akianguka? Inspecteur ataniuliza mimi. Bazazi bengine bataniuliza mimi. Tangu masomo iwe bure, mu première batoto banakaa paka chini. Shule iko ya bote, maman. Lakini bote habawezi kupata nafasi."

Mlangoni alikuwa amesimama Micheline, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa amepanda mapema kuomba chaki, akapewa. Alikuwa amesikia.

"Directeur, mimi naweza kumupokea. Atakaa mbele kabisa, karibu ya tableau. Hata leo."

Directeur aliweka kikombe chini polepole.

"Micheline. Jina yako ya mushahara imeshatoka Kinshasa?"

"Bado, Directeur."

"Dossier yako inafwatwa na nani?"

Micheline amefundisha miaka mingi na serikali haijawahi kumlipa hata mwezi mmoja. Karatasi zake ziko mkononi mwa Directeur. Aliangalia chaki alizopewa.

"Ni weye, Directeur."

"Bon. Batoto bako beko banapiga kelele."

Micheline akashuka ngazi bila kumwangalia Emérence, na Emérence hakumchukia. Alimchukia mwenye kikombe.

"Kuna centre ya batoto kama hawa," Directeur aliendelea, sauti yake laini sasa. "Kule mbele ya Nguba. Beko na kila kitu."

"Nilifika. Bako bazuri, bangemupokea. Lakini ni kumupeleka kila siku na kumurudisha kila siku. Directeur, nikimubeba mpaka Nguba, nitabeba mizigo ya bantu na mugongo gani?"

"Hiyo, maman, si swali ya shule." Akanyoosha mkono juu ya meza, kuelekea shati la Bintu. "Sasa chemise. Wageni batarudia, kuna phase ya pili. Tutaiweka vizuri."

Emérence hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na damu ikampanda kichwani mpaka masikio yakawaka.

"Urudishe kwanza muchanga yangu."

"Muchanga gani?"

"Ile nilibeba. Uichimbue pale inje, unipe, njo nikupe chemise."

Directeur alicheka. Si kicheko kibaya hata. Alicheka kama mtu aliyechekeshwa. Kisha akasema kwamba akitaka anaweza kumwita chef wa quartier, mkuu wa mtaa, waje wazungumze habari ya mtu anayechukua vitu vya projet.

Emérence alihisi kitu kinatembea mgongoni mwake. Ni vidole vya Bintu. Mtoto alikuwa ameanza kufungua vifungo mwenyewe, kimoja baada ya kingine, haraka, kama watoto wanavyofanya wakubwa wanapogombana. Emérence angeweza kumzuia. Alitaka kumzuia. Lakini vifungo vilikuwa vimekwisha na mkono mwembamba ulikuwa umeshatoka kwenye shati. Akalichukua akalitupa juu ya kikombe cha chai.

"Na jupe," alisema Directeur, akifuta meza na kuionyesha sketi.

"Jupe ukuye uivue weye mwenyewe."

Wakatazamana. Directeur ndiye aliyeangalia pembeni.

Emérence alishuka rampe yake. Hakulia. Kila hatua alitamani saruji ipasuke, lakini ilikuwa imeshika vizuri, mchanga ulikuwa msafi, hakuchanganya udongo hata ndoo moja. Akapanda kijia mpaka barabarani, kwa sababu hasira haipikwi, na wenzake walikuwa wamekusanyika huko kuzunguka lori.

Lori lilikuwa na madawati. Mapya, ya mbao nyekundu, yakinuka rangi, zawadi ya shirika lilelile. Kijana wa lori, mwenye kofia, alikuwa anachagua wabebaji, kwa malipo kila dawati likifika. Emérence alimfungua Bintu, akamkalisha kwenye dawati lililoshushwa pembeni ya barabara, akamfunika mabega kwa kitenge.

"Kaa hapa. Usisimame... usitoke hapa."

Ulimi ulikuwa umemponyoka. Bintu hakujali. Alikuwa anapapasa mbao.

Emérence aliegemeza dawati la kwanza mgongoni, kamba kipajini, akashuka. Willy alimfungulia geti pande zote mbili. "Pita, maman, pita! Pole pole, usikwaruze!" Hakuna aliyemuuliza kuhusu ngazi. Alizishuka mpaka darasa la kwanza, na dawati zima mgongoni, ngazi zilezile ambazo eti mtoto mwenye uzito wa nusu ya dawati hilo hawezi kupita. Micheline alisogeza watoto waliokaa sakafuni. Emérence akalitua mbele kabisa, karibu na ubao. Akarudi juu kuchukua jingine. Na jingine.

Aliporudi mara ya mwisho, wenzake wote walikuwa wameshashuka na mizigo yao. Lilibaki dawati moja, na juu yake Bintu, mikono imekunjwa juu ya ubao wake, mgongo umenyooka, katika singleti na sketi ya bluu. Pikipiki zilipita zikimrushia matope. Alikuwa ameketi kama wanafunzi walivyo kwenye picha za vitabu.

"Maman, toa mutoto," alisema kijana wa lori. "Inabakia paka ile moja."

"Bintu, kuya."

Bintu alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

"Niko nasoma."

"Toa mutoto!" kijana alirudia. "Ile nafasi iko ya shule!"

Hapo ndipo Emérence aliposikia neno nafasi kwa mara ya pili siku hiyo. Alisimama kidogo. Kisha akachukua vitenge vyake viwili akamfunga Bintu kwenye dawati, kiuno na mapaja, akakaza kama anavyokaza mzigo wa mtu anayelipa vizuri. Akapitisha kamba. Akachuchumaa, akageuza mgongo, akaweka kamba kipajini, akainuka na vyote viwili.

"Nalipa paka pupitre!" kijana alipiga kelele nyuma yake. "Ile ya juu silipi!"

Alishuka. Mbeba mizigo haoni mbele, anaona udongo na miguu yake. Watu walimpisha. Wengine walicheka, mama mmoja akasema Mungu wangu. Geti lilikuwa wazi pande zote mbili, Willy amelishika, akisema pita, maman, pita. Kisha akanyamaza, na Emérence akasikia upande mmoja wa geti unafungwa.

"Kuna nini, Willy?" Ilikuwa sauti ya Directeur, kutoka juu, kwenye mwisho wa rampe.

"Pupitre ya mwisho, Directeur. Iko na mutoto juu."

Directeur aliinama kuwatazama kutoka juu.

"Pupitre iingie. Mutoto abakie inje."

Emérence hakutua mzigo. Kamba ilikuwa imezama kwenye kipaji na shingo ilitetemeka, lakini akitua hapo alijua dawati litachukuliwa na mtoto atabaki kwenye matope. Aliona viatu vya Willy, na mwanzo wa rampe, na chembe za mchanga wake zikimetameta kwenye saruji iliyolowa. Kule chini darasa la kwanza likaanza hesabu ya mbili, na mgongoni, akiwa ameligeuzia geti kisogo na kuutazama mlima, Bintu akaitikia pamoja nao kwa sauti yake yote.

Willy alimtazama Directeur. Halafu akaweka mkono kwenye upande wa pili wa geti, akaanza kuusukuma ufungwe nao.