Paja Lililoomba Kulala

Usiku wa jana niliota nachoma paja la mbuzi uani kwangu. Wageni wa kumposa binti yangu, Namsifu, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wote wana njaa. Kwetu neno la posa halitamkwi mpaka wageni wale nyama. Wasipokula, hakuna posa. Namsifu alikuwa anachungulia dirishani, ameuma ncha ya kanga.

Mimi nimechoma nyama miaka ishirini na nina kosa moja: sina subira. Ikitoka motoni tu naikata. Mke wangu husema, "Baba Namsifu, iache ipumzike kwanza." Mimi husema nyama haijafanya kazi yoyote, ipumzike nini?

Basi paja likaiva. Nikalitoa kwenye wavu, nikachukua kisu. Paja linainuka, linakaa kitako.

"Shikamoo," linaniambia.

"Marahaba."

"Nimechoka. Niko motoni tangu asubuhi. Kitanda kiko wapi?"

Sikushangaa. Kilichoniudhi ni kuulizwa mbele ya wageni. Nikaliambia, "Wewe ni chakula."

"Na wewe ni fundi. Ukitoka kazini hulali?"

Nikakata kipande kwa hasira, nikampa mshenga wao, Mzee Mbwambo. Akatafuna, akafungua kinywa aseme jambo lililowaleta. Likatoka vumbi la mbao. Akajaribu tena. Vumbi likamfika magotini, kuku wakaja kuchakura.

"Umeona?" paja linasema. "Nikikauka mimi, na maneno yao yanakauka."

Mjomba wa bwana harusi tayari anavaa koti. Namsifu anapiga kelele dirishani, "Baba! Si ulilaze tu!"

Nikalitupia begani, mbio. Nafungua mlango wa chumba changu, ndani ni darasa la tano, lile nililoliacha. Mwalimu ni koleo la kugeuzia nyama. Limevaa tai.

"Umechelewa miaka thelathini na minne," linasema. "Una nini begani?"

"Paja, mwalimu."

"Limechoka?"

"Limechoka, mwalimu."

"Kitanda kile pale."

Kilikuwa chini ya ubao. Nikalilaza, nikalifunika kanga ya mke wangu, ile ya njano yenye korosho.

"Niimbie," linasema.

Mimi sijui kuimba. Nikaimba tebo ya saba, nikafika saba mara sita, nikakwama. Hapo ndipo nilipokwama na shule.

"Arobaini na mbili," paja likanong'ona, likaanza kukoroma.

Uani wageni nao wanakoroma, mjomba koti limemwingia mkono mmoja tu. Nikakaa kwenye dawati, kisu mapajani. Nikasubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, hata siku Namsifu alipozaliwa.

Paja likaamka lenyewe, likajinyoosha mpaka mfupa ukalia. "Haya, kata."

Nikakata. Mzee Mbwambo akala, akafungua kinywa, na maneno yakatoka yanang'aa mafuta, mengi, yakajaa uani mpaka viti vya plastiki vikaelea. Shangazi wa bwana harusi anapita juu ya paa na kiti chake, anapiga vigelegele. Koleo linacheza na kuku. Mjomba amevua koti, analifanya kasia.

"Baba," Namsifu anacheka, "sema basi umekubali!"

Nikafungua kinywa.

"Amka!" Mke wangu ananitikisa. "Wageni wanafika saa saba na mbuzi hata hajachinjwa."

Nikatoka uani. Mbuzi alikuwa mzima, amefungwa kwenye mpera, amelala. Mguu wake wa nyuma, wa kulia, umefunikwa kanga ya njano yenye korosho.

"Nani kamfunika mbuzi kanga yangu?" mke wangu akauliza. Akaivuta, akainusa. "Tena inanuka moshi!"

Nikamwambia awapigie wageni simu. Waje saa nane, paja lipumzike kwanza.