Baba, Bado Hujanywa Dawa

“Mama, hebu njoo mara moja.”

Kitinda alikuwa sebuleni, kompyuta mezani na chai ikipoa pembeni. Baba yake hakuita kwa kelele. Aliita kama mtu aliyesahau taulo, ndiyo maana binti yake hakukimbia. Alimalizia mstari aliokuwa akiuandika, akainuka, akaenda bafuni akiburuta ndara.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya kioo na fulana yake nyeupe. Shavu la kulia lilikuwa limenyolewa liking'aa, la kushoto lingali na povu la sabuni. Alikuwa amekandamiza jiwe la shabu, la kukausha damu ya wembe, chini ya taya, na damu ilikuwa ikipita pembeni mwa jiwe hilo, ikishuka shingoni polepole, ikiingia kwenye ukosi wa fulana.

“Imekataa kukoma,” alisema. “Na kidonda chenyewe hata hukioni. Nimejikwaruza tu.”

Kitinda akatazama sinki. Povu lote lilikuwa jekundu.

Mtaa mzima ulimwita mzee huyo Fundi. Alikuwa ameshona suti za wanaume tangu ujana wake mpaka macho yalipomgomea, na mambo yake alipenda yaende kama mshono, taratibu na kwa mpango wake mwenyewe. Ndevu alinyoa kwa maji moto, brashi na sabuni ya kibakuli, kwa mashine ya chuma inayobeba wembe wa pande mbili. Kisha moyo ukamsumbua, akafanyiwa upasuaji, akawekewa kilango cha bandia, vali ya kupitishia damu moyoni. Daktari akampa dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, kidonge kimoja kila jioni, na onyo juu yake: ikipungua, damu itaganda pale kwenye kilango, ikizidi, hata mkwaruzo utamtoa damu ashindwe kuizuia. Kitinda akamnunulia mashine ya umeme ya kunyolea. Mzee akaijaribu siku moja, akairudisha kwenye boksi.

“Hii hainyoi, inaguguna,” alisema. “Na mimi si gunzi.”

Wakaafikiana aendelee na wembe wake, mradi anyoe binti yake akiwepo nyumbani.

Sasa Kitinda alimketisha kwenye stuli, akachukua kitambaa safi na kukikandamiza juu ya mkwaruzo.

“Usinibane hivyo, mama, bado nahitaji kupumua.”

Alishikilia mpaka vidole vikafa ganzi. Alipoinua kitambaa, damu ilitoka kana kwamba ilikuwa inangoja kufunguliwa mlango. Ndipo alipomtazama baba yake vizuri. Juu ya kiwiko palikuwa na doa la zambarau, kubwa kama kiganja.

“Hili nini?”

“Niligonga mlango.”

“Na hili la huku?”

“Mlango huohuo.”

“Baba.”

Mzee akasema, kama anayetaja jambo la kupita, kwamba fizi nazo zilikuwa zikitoa damu akipiga mswaki, ila hakuona haja ya kumsumbua mtu mwenye kazi.

Kitinda hakumgombeza. Alimfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama mtu mwenye jino bovu, akachukua simu ya mzee na boksi lake la dawa, akaita teksi. Njia nzima alikuwa ameweka kiganja chake kwenye taya la baba yake, akihisi unyevu ukipenya kitambaa. Kwenye kila foleni dereva alitazama kioo cha ndani, akaona, akapiga honi.

Hospitalini sabuni ilikuwa imekwisha kukauka shavuni. Muuguzi alimtazama mzee upande huu, akamtazama upande ule.

“Babu, huku umeenda harusini, na huku umebaki nyumbani?”

“Nilikuwa njiani, binti yangu,” mzee akajibu.

Walimtoa damu ya kupima. Majibu yalirudi haraka, na yaliletwa na daktari mwenyewe, mwanamke wa maneno machache, akitembea upesi kuliko Kitinda alivyopenda.

“Anakunywa vidonge vingapi?”

“Kimoja kila jioni. Hakuna jioni aliyoruka, na hakuna aliyozidisha. Kumbukumbu zote ziko hapa.” Akampa simu ya mzee.

Kwa hilo alikuwa na hakika, tena hakika yenye fahari. Programu ya kukumbusha dawa iliyokuwa kwenye simu hiyo ilikuwa programu huria, kazi ya watu wa kujitolea walioko huku na huko, na msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma na kuubadilisha. Kitinda, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aliuchukua kwa ajili ya baba yake. Kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yamechoka kusoma, aliongeza sauti. Alijirekodi mwenyewe akisema, “Baba, wakati wa dawa umefika,” na nyingine ya kusemwa mzee asipojibu: “Baba, bado hujanywa dawa.” Akitaka, mtu mwingine naye angeweza kurekodi sauti ya mtoto wake au mkewe. Akaiweka mtandaoni bure. Watu wakaichukua, wengine wakamwandikia kumshukuru, na shukrani zile zilimkalia moyoni kuliko mshahara.

Daktari aliitazama simu, akairudisha. “Simu inasema kimoja. Damu inasema zaidi. Mimi natibu damu.”

Akaagiza mzee alazwe, atundikiwe dawa ya kuirudisha damu kwenye mgando wake, kisha apigwe picha ya kichwa, kwa sababu damu ikiwa nyepesi kiasi kile inaweza kuvuja ndani kwa ndani bila mtu kujua.

Kitinda akafungua boksi la dawa. Vidonge vilitakiwa vifike mwisho wa mwezi, na mwezi ndio kwanza ulikuwa umefika nusu. Karatasi zake karibu zote zilikuwa tupu.

Akavuta kiti karibu na kitanda. “Baba, jana ulikunywa vingapi?”

Mzee akatazama dari. “Usinikasirikie.”

“Sikasiriki.”

“Nilikunywa. Najua nilikunywa, maana nilisukumia na maji ya kwenye jagi. Nikabonyeza pale uliponionyesha. Baadaye kidogo simu ikazima, ikawaka, nikakusikia unaniambia, ‘Baba, bado hujanywa dawa.’ Nikajua kichwa changu kimeshaanza. Marehemu kaka alianza hivihivi, anakula kisha anauliza chakula kiko wapi. Nikasema, mwanangu hawezi kunidanganya. Nikanywa tena.”

“Imetokea jana tu?”

“Jioni nyingi.”

“Na hukuniambia.”

“Nikuambie nini? Kwamba baba yako anapotea?”

Kitinda aliichukua ile simu. Ilikuwa ya zamani, betri yake imechoka, yenye tabia ya kujizima bila kuaga. Hakuhitaji kompyuta kuliona kosa. Aliliona palepale, kama mtu anavyokumbuka mlango aliouacha wazi. Alipoongeza ile sauti alibadilisha namna jibu linavyohifadhiwa. Mzee akibonyeza kwamba amekunywa, programu ililishika jibu hilo kwa muda tu, ikingoja kufungwa vizuri ndipo iliandike. Simu ikijizima ghafla, jibu linapotea. Ikiwaka, inauliza upya, na inahesabu la mwisho peke yake. Mwenzake mmoja kwenye mradi alikuwa amemwuliza kama ameijaribu vya kutosha. Alimjibu kwamba ameijaribu kwenye simu yake. Simu yake ilikuwa mpya.

“Hukusahau, baba,” alisema. “Kosa liko kwenye programu, na mimi ndiye niliyelitia. Ulikuwa unakumbuka sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa nakupotosha.”

Mzee aligeuza kichwa taratibu. “Kwa hiyo sijasahau.”

“Hata mara moja.”

“Kichwa changu kizima?”

“Kizima, baba.”

Mzee akafumba macho. Chozi likashuka kwenye shavu la sabuni kavu, likaacha mfereji mwembamba. Akautafuta mkono wa bintiye bila kuangalia, akaushika, na alikuwa bado ameushika walipokuja kumpeleka kwenye picha.

Ni pale kwenye ukumbi, mlango ulipofungwa na yeye kubaki na simu mbili mkononi, ndipo wazo la pili lilipomfika. Programu ile hakuwa amempa baba yake peke yake. Alikuwa ameigawa kwa watu.

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Kwa simu yake aliiondoa programu mtandaoni, akaandika onyo kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mradi. Lakini hilo lilikuwa sawa na kufunga duka baada ya watu kuondoka na bidhaa. Programu huria ni kama mbegu. Ukishaigawa hujui imeota kwenye mashamba ya nani. Yeye na wenzake walikuwa wamejisifu siku zote kwamba hawachukui jina la mtu wala namba yake. Sasa hakuwa na namba ya kumpigia mtu, isipokuwa za wale waliomwandikia wenyewe.

Akawaandikia mmoja mmoja. Mzee mmoja alijibu mara moja kwamba yeye dawa zake ni za presha, na kwamba ameona programu ikirudia, akadhani ni akili yake. Mwingine alisema aliifuta zamani. Kisha Kitinda akaukumbuka ujumbe wa mwanamke fulani: mume wangu ana kilango kama cha baba yako, hamsikilizi mtu ila mimi, nimerekodi sauti yangu, Mungu akubariki. Chini yake alikuwa ameacha namba.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa, na nyuma yake zilinguruma mashine za kiwandani.

“Nani?”

“Dada, mimi ndiye wa ile programu ya dawa. Samahani nakuingilia kazini. Shemeji anaendeleaje?”

“Yupo. Kwani vipi?”

“Inarudia dozi. Simu yake ikizima, inamwambia hajanywa, na kumbe amekunywa. Baba yangu kalazwa sasa hivi. Shemeji ana damu popote? Fizi, puani, madoa mwilini?”

Mashine ziliendelea kunguruma.

“Dada?”

“Puani,” alisema. “Tangu juzi. Tulisema ni joto. Asubuhi nimemwacha kalala, anasema kichwa kinamgonga.”

“Mpigie. Kisha nenda nyumbani, usingoje kumaliza zamu. Umpeleke hospitali, uwaambie dawa ya kuzuia damu kuganda imezidi. Waambie hivyohivyo.”

Simu ikakatika. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa maneno mawili: Hapokei simu.

Tangu hapo Kitinda hakuandikiwa kitu. Mlango wa chumba cha picha ulifunguliwa, wakatoka watu wengine. Alisimama, akakaa, akasimama. Mara akawaza kumpigia tena yule mwanamke, mara akaona atamchelewesha njiani. Alijaribu kuomba, akajikuta anamwombea mume wa mtu asiyemjua kabla ya baba yake, kisha akaogopa kwamba amekosea mpangilio.

Mzee aliletwa kwanza. Picha ilikuwa safi. Daktari alisema damu imeanza kuitikia dawa, na chini ya taya pameanza kukauka. Muuguzi alikuja na beseni la maji ya uvuguvugu kumwondoa sabuni, akauliza kama ammalizie ndevu kwa mashine ya umeme ya wodini. Mzee alikataa kwa adabu, akisema atabaki nusu bwana harusi mpaka afike kwake.

Kitinda alicheka, na katikati ya kicheko simu ikaita.

“Nimemkuta sakafuni,” yule mwanamke alisema. Hakukuwa na mashine tena, ila mwangwi wa ukumbi kama huu wake. “Anaongea, lakini maneno hayanyooki. Wamesema damu imevuja kichwani, kidogo. Wamesema tungechelewa mpaka jioni…” Hakuimalizia.

“Dada yangu, nisamehe.”

“Ilikuwa sauti yangu,” mwanamke alisema. “Unaelewa? Ilikuwa inamwambia kwa sauti yangu mimi. Nilikuwa nakuombea kila siku wewe. Sasa hivi sijui nikuambie nini.”

“Usiniambie kitu. Kaa naye.”

Mwanamke akakata simu bila kuaga.

Mzee alikuwa amesikia upande mmoja wa maneno yale, na ulimtosha. Hakumwambia bintiye kwamba si kosa lake. Alisogea kidogo kitandani, akapigapiga godoro, na Kitinda akakaa hapo.

“Niliwahi kumkatia mtu kitambaa vibaya,” mzee alisema. “Kitambaa kinanunuliwa.”

“Najua, baba.”

“Hiki cha kwako hakinunuliwi.”

“Najua.”

Kitinda akachukua tena simu yake, akawaandikia wenzake wa mradi.

Kosa lenyewe lilirekebishwa kabla wiki haijaisha. Kitinda hakulirekebisha peke yake, na hakuruhusu rekebisho litoke mpaka watu wengine wawili walisome na kulijaribu kwa simu mbovu wakizichomoa betri makusudi. Mmoja wao, mfamasia asiyewahi kuonana naye, aligundua kwamba programu haikuwa na namna ya kumzuia mtu asinywe mara mbili hata akitaka, wakaongeza na hiyo. Mzee alirudi nyumbani akiwa na kikopo cha vyumba saba, kimoja kwa kila siku, na Kitinda alikijaza mwenyewe.

Kwa yule mwanamke alituma ujumbe mmoja tu, wa kuuliza hali, akaapa hatatuma wa pili. Jibu lilikaa siku nyingi. Lilipokuja alikuwa jikoni, na alilisoma akiwa amesimama.

“Ametoka jana. Mkono wa kulia bado mzito, ila anajilisha. Programu yako nimeifuta. Usinitumie hiyo mpya.”

Kitinda alilisoma tena. Alikuwa akiiweka simu mezani ilipotikisika tena.

“Na mzee wako, anaendeleaje?”

Aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika lingine, nalo akalifuta. Mwishowe akamwandikia kwamba mzee anaendelea vizuri, ametoka kutembea, na kwamba yeye mwenyewe anamshukuru kwa kuuliza.