Jiwe Lililokonda Kupita Kiasi

Kila siku saa kumi jioni, kule Uchindile, baba yangu mzee Deogratias huwasha redio yake na kugonga herufi kwa nukta na vistari kuwaita wenzake. Hajibiwi. Wenzake wamekufa, na mmoja aliyebaki hasikii tena. Jumatano alinipigia simu kuniambia kwamba Jumapili asubuhi anashusha waya wa antena. Alisema kama mtu anayezungumzia mvua. Nilichukia! Sikumwambia kwamba leseni yangu ya redio imetoka, wala kwamba nimeshaunda redio yangu hapa Ifakara, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga ninayoiendesha.

Shida ilikuwa jiwe. Redio za namna yetu hufuata kipande cha kwatsi, jiwe linalong'aa kama kioo, chembamba, kidogo kama ukucha, kinachotetema kwa mwendo wake uleule. La baba linatetema kwenye kilohezi 7,050, na redio yake haina kitufe cha kuzungusha, kwa hiyo haipati namba nyingine. Langu, nililolitoa kwenye redio mbovu ya misheni, lilikuwa 7,031. Ukilisaga likakonda, namba inapanda. Nani alianza kulijua hilo, na alikuwa anatafuta nini? Siku mbili swali hilo lilinizunguka kichwani, nikalifurahia.

Jumamosi asubuhi nikapaka dawa ya kusagia valvu za injini juu ya kioo, nikasugua jiwe kwa kidole kama naandika nane. Nikaosha kwa sabuni, nikapima: 7,036. Nikasugua tena: 7,043. Kufika saa sita, 7,049. Hapo mwenye akili angeacha dawa hiyo kali, amalizie kwa dawa ya meno. Lakini mimi ni mtu wa mashine. Miaka kumi na moja wateja wananiambia, "Dada Tekla, pitisha tena kidogo, mchele uwe mweupe." Nikapitisha tena kidogo.

7,053.

Mchele ukizidi kukobolewa unatoa chenga, na chenga zinalika. Jiwe lililokonda halinenepi. Nilijitukana kwa Kipogoro mpaka nikaishiwa, kisha nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Kuna mteja hapa amesaga jiwe la redio, limepitiliza. Anauliza kama linarudi."

"Limepitiliza ngapi?"

"Kilohezi tatu."

"Mwambie achukue penseli, alichore katikati, pande zote mbili. Taratibu."

"Penseli tu, baba? Hii ya shule?"

"Jiwe litajuaje ni ya shule? Linachojua ni kwamba limebebeshwa mzigo. Likibeba mzigo linapunguza mwendo, kama wewe."

Nikachora. Nikapima, nikafuta, nikachora tena, nikicheka peke yangu kuona jiwe linatii alama ya penseli. Saa kumi kasoro dakika tano kipimo kikasimama: 7,050.

Saa kumi baba akaanza kuita. Nilimsubiri amalize, nikajibu kwa herufi za kituo changu nilizopewa kwenye leseni, ambazo hakuwahi kuzisikia popote. Nikakosea mara mbili.

Nikadhani hajanipata.

Kisha zikaja herufi, moja moja, polepole:

PENSELI IMEFAA?

Akaongeza: WAYA UNABAKI. KESHO SAA KUMI.

Nililia kwa sauti, hadi watu waliokuwa wakisubiri mpunga wao wakaja nyuma kuuliza nani amefariki.