Kidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kile kifungo hakikuwa na matundu. Nilikigeuza, nikakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, ndipo nikatambua kwamba nimeshika kidonge. Nikamwaga kopo zima juu ya meza ya cherehani. Katikati ya vifungo vya mashati vilitawanyika vidonge vya presha vya mama, chungu nzima, vile vile nilivyokuwa nampa kila asubuhi na kusimama pale kumtazama akimeza. Kumbe alikuwa anameza maji tu.

"Mama!" niliita. "Unajua nimekuta nini humu?"

Alikuwa chumba cha pili na sahani yake ya nanasi. Hakujibu. Nikajua amenuna, maana mama akikamatwa na kosa hununa kabla hujamsema. Nikaingia na maneno yangu makali tayari ulimini, na yote yakayeyuka. Kipande cha nanasi kilikuwa kimemwangukia mapajani. Mkono wa kulia ulining'inia, mdomo umekwenda upande. Alijaribu kuniambia kitu, lakini kilichotoka hakikuwa neno.

Nilitaka kukimbia nje kuita watu, na nilitaka kubaki nimshike asianguke, nikaishia kusimama katikati ya chumba nikilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Na huko barabarani, wakati huo huo, sauti ya mdogo wangu ikapita kwa furaha:

"Nanasi, nanasi! Linalainisha choo, linafukuza mafua, linasafisha damu! Presha, kwaheri! Vidonge vya nini tena? Kula nanasi!"

Huyo ndiye mdogo wangu, muuza nanasi, ambaye mtaa mzima unamwita Kasuku. Maneno hayo aliyarekodi yeye mwenyewe, akayafunga kwenye kipaza sauti cha mkokoteni yakawa yanajirudia kutwa. Wauza nanasi wenzake waliyapenda mno, wakawa wanakuja nyumbani jioni awarushie kwenye simu zao, naye kifua kimemjaa. "Umesomea wapi udaktari, wewe?" nilikuwa namuuliza. Anacheka. "Dada, hayo ni maneno ya biashara tu." Yeye mwenyewe kichwa kikimgonga kidogo, wa kwanza kukimbilia vidonge.

Mama hakuwa anacheka. Alikuwa anasikiliza.

Jirani alitupakia kwenye gari lake. Njia nzima nilimshika mama mkono ule uliolegea, nikiusugua, nikimwambia anibane vidole hata kidogo. Hakunibana. Macho yake yalikuwa yananitazama na yamejaa hofu, na mimi nikayakwepa kwa sababu nilijua anaiona hofu yangu.

Hospitali walimpima presha, na nesi akaitazama mashine, kisha akapima tena. Sikupenda ile mara ya pili. Daktari akasema ni kiharusi, tumewahi, lakini tusubiri. Nesi akauliza dawa anazotumia. Nikatoa mfukoni vidonge nilivyovichota mezani, nikamwonyesha.

"Kaacha, eti anakula nanasi badala yake."

Nesi alishusha pumzi. "Nanasi ni tunda zuri, dada. Lina vitamini, linasaidia tumbo, hata mwenye presha ale. Lakini ale na dawa anywe. Haliwezi kufanya kazi ya kidonge."

Kasuku akatokea mbio, aproni imelowa maji ya nanasi, mkokoteni kauacha getini unaimba. Mkono wangu ulikuwa unawasha kwa kofi. Mama akaniwahi. Alimtazama mwanawe, akakusanya ule mdomo wake mzito, neno likatoka vipande vipande:

"U... ulisema wewe."

Kasuku alipiga magoti pembeni ya kitanda. "Mama, nilikuwa nauza," alisema. "Nilikuwa nauza tu, mama." Mama akaendelea kumtazama, hana hasira hata kidogo, anasubiri aelezwe vizuri na mwanawe anayejua mambo. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Mdogo wangu akainuka, akatoka karibu anakimbia. Kupitia dirishani nilimwona akichomoa nyaya za kipaza sauti kwa mikono miwili. Kukawa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikavuta pumzi mpaka chini.

Kisha, kutoka barabara ya nyuma, sauti yake ikaanza tena: "Nanasi, nanasi!" Na mbele zaidi, upande wa sokoni, ikaitikia nyingine, ile ile, yenye furaha ile ile. Kasuku alisimama getini na nyaya mkononi, akigeuza kichwa huku na huku, hajui akimbilie wapi kwanza.

Kwenye kitanda cha jirani, mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi na glasi ya maji, kidonge alichopewa na nesi kikiwa bado kiganjani. Alisikiliza. Kisha akakifumbata taratibu na kunigeukia.

"Mwanangu," alisema, "hebu niitie huyo wa nanasi."