Toa Chochote

Mume wangu ana maneno mawili yaliyokaribia kututupa nje: "Toa chochote."

Ni fundi makochi. Yeye anapiga mbao, anatia springi na sponji. Mimi niko kwenye cherehani, nashona vitambaa vya kuyavalisha. Kazi yake nzuri, hilo hata asiyempenda atakuambia. Kochi likitoka mkononi mwake, watoto wako wataruka juu yake mpaka waote ndevu. Mteja wa mtaani akija anatajiwa bei, analipa, anakwenda zake. Lakini ndugu akiuliza, "Nikupe ngapi?", mume wangu anakuna kichwa, anatabasamu, anasema, "Aa, ndugu yangu, wewe toa chochote."

Basi watu wakawa wanatoa chochote. Binamu yake alitoa nusu ya bei ya sponji, na asante nyingi juu yake. Mjomba wake alitoa mfuko wa machungwa. Machungwa yalikuwa matamu, sikatai, ila muuza sponji hapokei machungwa. Nikimwambia mume wangu, ananijibu kwamba undugu ni kufaana. Namuuliza, na sisi anatufaa nani? Anachukua nyundo, anaendelea na kazi.

Asubuhi moja akaja mama mwenye nyumba. Karakana yetu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na kodi ilikuwa imelala miezi miwili. Mama yule hakufoka. Angefoka nami ningefoka, tukamalizana. Alishika kiti tulichokuwa tumekimaliza jana yake, akakibonyeza, akakisifu, kisha akasema taratibu, "Kuna mtu wa duka la dawa anakitaka hiki chumba. Nawasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo msinilaumu."

Sasa elewa jambo moja. Mlango wa nyumba tunayoishi ni mwembamba. Kochi la watu watatu halipiti hata ulilaze ubavu. Tulishajaribu, na mwimo wa mlango una kovu mpaka leo. Bila chumba kile hakuna kochi, na bila kochi hakuna ada ya shule wala unga.

Na usidhani tulikuwa watu wa kuponda mali. Sukari niliipima kwa kijiko cha mtoto. Mume wangu alikwenda kununua mbao kwa miguu na kurudi nazo begani. Nyama tuliisikia harufu kwa jirani. Tulijifunga mkanda mpaka matundu yakaisha, na bado mwezi ulikuwa unatushinda. Siku ile nilipokaa nikafikiri vizuri, nikaona jikoni hamna kosa. Bandu bandu huisha gogo, na gogo letu lilikuwa linabanduliwa na ndugu.

"Kuanzia kesho," nilimwambia mume wangu tulipomaliza kula, "kila mtu ana bei. Ndugu tutampunguzia ufundi, lakini sponji na kitambaa atalipa kama tulivyonunua."

"Watasema tumebadilika."

"Waseme. Bora lawama kuliko fedheha. Au unataka wakukute umekaa barabarani na nyundo yako, ndipo wakuonee huruma?"

Akaanza kukusanya sahani. Nikaona hapa maneno hayatoshi, mtu huyu anahitaji mazoezi. Nikasimama mbele yake. "Haya, mimi ni binamu yako. Kaka, kochi langu limelegea. Nikupe ngapi?"

Akatazama dari. "Kwa kweli, unajua siku hizi vitu vimepanda..."

"Binamu yako amelala darini?"

Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Tukarudia, tukarudia tena. Mwishowe akaitaja bei yote bila kukata, akajifuta jasho kama mtu aliyepandisha kabati ghorofani.

Binamu mwenyewe alipokuja kuulizia bei ya kutengenezewa viti vyake viwili, mume wangu alimtajia bei huku anaangalia viatu. Lakini aliitaja. Binamu akasema, "Sawa, nitarudi," akaondoka. Siku zikapita, hakurudi. Mwisho wa mwezi ukasogea na yule wa duka la dawa akaja kupima ukuta wetu kwa ajili ya rafu zake, tena mbele ya macho yetu. Nilijisikia vibaya sana. Nilianza kuwaza kwamba nimekosa kodi na nimekosa ndugu. Mume wangu hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Ndipo akaja mama mdogo.

Mama mdogo ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Mama alipofariki, ndiye aliyenichukua, akanilea, akanisomesha ushoni. Hata cherehani ninayoshonea alininunulia yeye. Alikuja nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna kochi lake la watu watatu, limefunikwa shuka kama mgonjwa. Tukamwamkia, akaitikia, akavuta shuka. Kitambaa kilikuwa kimechanika, na ndani hakukuwa na sponji. Kulikuwa na vipande vya magunia.

"Nani kakufanyia hivi?" nikamuuliza.

"Fundi mmoja kule sokoni. Msiniulize zaidi." Akanigeukia. "Haya mwanangu, nikupe ngapi?"

Jamani. Mimi niliyemsimamia mume wangu sebuleni kama mwalimu wa zamu, nikashindwa kuitaja bei. Nilitazama cherehani. Nilitazama mikono yake, ile iliyokuwa ikinisuka nywele. Bei nilikuwa naijua, kitambaa najua, sponji najua. Kisha nikajisikia mwenyewe nasema, "Aa, mama, wewe si mtu wa kulipishwa, toa cho..."

"Mama," mume wangu akasema.

Alikuwa ameweka nyundo chini. Akamtajia mama mdogo bei ya sponji, bei ya kitambaa, na ufundi tuliompunguzia. Aliyasema yote kwa sauti yake ya kawaida, anamtazama usoni. Mimi nikatamani ardhi ipasuke niingie na cherehani yangu.

Mama mdogo akakaa juu ya lile kochi lake bovu, springi zikalia. Akatutazama kwa zamu, mume wangu, mimi, mume wangu tena. Kisha akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe mna bei," akasema.

"Tunayo, mama," mume wangu akajibu.

"Sasa mbona hamsemi? Mnajua mmenitesa? Vile viti vyangu viwili mlivyonitengenezea mwaka juzi, mkaniambia nitoe chochote. Nikatoa. Nikafika nyumbani nikaanza kuwaza, hivi nimetoa kidogo? Watanisema? Nikamuuliza jirani yangu mliyemfanyia kazi, akaniambia alicholipa. Niliona aibu mpaka nikapita njia nyingine nikienda sokoni. Kochi lilipochanika nikasema siwezi kurudi kwa wale watoto nikawanyonye tena. Ndiyo nikaenda kwa huyo wa magunia. Na bei yake ilizidi hii yenu."

Nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba ndugu wanatupa kidogo kwa dharau.

"Na si mimi tu," akaendelea. "Mjomba wa mumeo ana kochi lililovunjika mguu mmoja mwaka mzima. Anasema hana machungwa tena."

Mume wangu akaanza kucheka. Nikacheka na mimi, machozi yakanitoka, nikayafutia kipande cha kitambaa cha mteja. Mama mdogo akafungua mkoba, akalipa yote palepale, akasema yeye hawezi kulala na deni la mkwe. Sikuikataa pesa yake. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante, na roho ikatulia kuliko siku zote nilizowahi kulipwa.

Habari za mama mdogo husafiri kuliko redio. Kabla wiki haijaisha mjomba alileta kochi lake na pesa ya sponji, safari hii bila mfuko. Binamu naye akarudi na viti. Kumbe alikuwa anasubiri mshahara, wala hakununa. Tuliifikisha kodi ya miezi miwili kwa mama mwenye nyumba kabla ya mwisho wa mwezi, na yule wa duka la dawa akaenda kupima ukuta wa mtu mwingine. Nilipotoka kulipa, nilinunua sukari nikaitia kwenye chai bila kupima.

Kochi la mama mdogo tulilipeleka wenyewe. Tukaliweka karibu na dirisha, katikati ya vile viti viwili vya zamani. Akalizunguka, akaubonyeza mto, akakaa.

"Vile viti," akasema, "sijawahi kuvikalia vizuri hata siku moja. Kila nikikaa naona nimeukalia mgongo wako, mkwe."

"Na hili, mama?"

"Hili nimelilipia."

Akavua viatu, akapandisha miguu juu, akafumba macho.